Wenzetu Walikuwa Wameshaanza

Mama yangu hajui kusafiri mikono mitupu. Alipokuja kunitembelea hapa Mwanza juzijuzi, alishuka kwenye basi na kiroba cha mchele, mfuko wa michembe, na kuku aliyefungwa miguu ambaye alionekana kuchoka kuliko abiria wote. Katikati ya michembe alikuwa amechomeka chupa ya plastiki iliyofifia rangi, mdomo wake umezibwa kwa kitambaa na kukazwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Sikuitambua mara moja. Niliinama kuupokea mfuko, harufu tamu ya viazi vikavu ikanipanda puani, na chupa ikatikisika ikatoa sauti yake ya zamani, shaa, shaa. Nikajikuta nimekaa sakafuni, mtu mzima mimi, nacheka mpaka machozi yananitoka.

"Ilikuwa juu ya kabati la vyombo," Mama akasema. "Panya wenyewe hawakuitaka. Nikaona nimletee mwenye nayo."

Binti yangu Kabula akaja kuangalia kinachochekesha. Akaishika chupa, akaitikisa mara moja, akauliza kama ni mdoli wa zamani. Nikamwambia si mdoli, hiyo chupa iliishinda shule nzima ya mjini, yenye soksi nyeupe na kinanda cha umeme. Akanitazama kwa ile huruma ambayo watoto wa siku hizi wanayo kwa wazazi wao, akarudi kwenye televisheni. Basi nitawasimulia ninyi, wenzangu wa rika langu, mliokua na nyuzi za pamba zimenasa kwenye sweta za shule. Ninyi hamtahitaji maelezo mengi.

Shule yetu ilikuwa Mwamapalala, na mimi nilikuwa mtoto asiyesema. Nyumbani nilisema sana, tena Mama alikuwa akinituma dukani ili apumzishe masikio. Lakini nyumbani tulisema Kisukuma, na shuleni lugha ilikuwa Kiswahili, na Kiswahili changu kilikuwa kikinikwama katikati ya sentensi kama ndoo iliyonasa kisimani. Nilipokuwa darasa la kwanza nilijaribu kujibu swali, nikachanganya, darasa likacheka, na mwalimu naye akacheka kidogo. Nikakata shauri palepale kwamba sitawapa nafasi nyingine. Walimu wakaniandika moyoni kuwa mtoto mzito. Mama akasifiwa kijijini kwamba binti yake ana adabu, na hakuwasahihisha.

Tulipofika darasa la nne akaja Mwalimu Atupele. Alitoka Tukuyu, kwenye baridi, na wiki yake ya kwanza alivaa koti jioni katika joto letu lile kwa sababu tu alilizoea. Alikuwa binti mdogo bado, mwenye sauti ya kwaya na mwendo wa haraka. Akatazama ratiba akaona kipindi cha mwisho Ijumaa kimeandikwa muziki. Kipindi hicho sisi tulikijua vizuri: ndicho cha kufagia uwanja na kuwachotea walimu maji. Yeye akatuambia tuweke ndoo chini, tutatunga nyimbo zetu wenyewe, kwa vikundi.

Hatukumwelewa. Mimi nilidhani nyimbo hazitungwi, zipo tu, na watu huziokota kama mboga za porini baada ya mvua. Na kama kuna anayezitengeneza, basi ni manju wa ngoma, mtu mzima mwenye jina, anayechinjiwa mbuzi akipita kijijini. Sisi tulikuwa watoto wenye magoti ya vumbi. Lakini Mwalimu Atupele alisema kila kikundi kiende kitafute vitu vinavyolia, na Ijumaa inayofuata kila mtu aje na chake.

Kikundini kwetu alikuwamo Limi, aliyeimba kwaya ya watoto kanisani na aliyejua kwamba anajua. Alikuwamo Luhende, mwenye mikono mikubwa, aliyekuja na dumu la mafuta ya kula. Na alikuwamo Jilala, aliyekuwa akichunga asubuhi kabla ya shule na kufika darasani akinuka maziwa. Jilala alikuja na kengele ya ng'ombe. Aliivua shingoni mwa ng'ombe jike aliyeongoza kundi lao, na ng'ombe wale, kwa kukosa kengele ya kuifuata, wakatawanyika wakaingia kwenye pamba ya jirani. Jilala akachapwa. Ijumaa iliyofuata akaja nayo tena. Alituambia safari hii ameipaka dawa ya babu yake, ile ya kuvutia watu wakati wa ngoma. Tukainusa mmoja mmoja kwa heshima. Ilinuka samli.

Mimi nilikuja na chupa. Nilianza kwa kutia punje za mahindi, zikapiga kelele mno. Nikatia mchanga, ukanyamaza. Nyumbani kulikuwa na mbegu za pamba zilizobaki baada ya kupanda, zile zenye manyoya yake bado, nikazitia hizo, na nilipotikisa nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia ndani ya chupa. Luhende alikisikiliza akasema hakina sauti kabisa, nikatie mawe. Nilikuwa nakaribia kumtii, kwa kuwa kumtii mtu hakuhitaji maneno, lakini Mwalimu Atupele alikuwa nyuma yetu. Akaomba wote wanyamaze. Akasogeza sikio kwenye chupa, akaniuliza inafanana na nini.

Nilijua inafanana na nini. Nilikijua mpaka rangi yake. Lakini neno lililokuja mdomoni lilikuwa la nyumbani, na nilipolitoa lilitoka dogo sana. "Mbula."

Darasa likacheka. Kusema Kisukuma darasani lilikuwa kosa, na sote tulisubiri fimbo. Mwalimu Atupele hakuwa na fimbo, na Kisukuma hakujua hata salamu. Akamuuliza Limi mbula ni nini. Limi akamwambia ni mvua. Akanigeukia tena akauliza ni mvua ipi, maana mvua ziko nyingi. Nikanyoosha mkono dirishani, kule kwenye vilima, kwa sababu niliyoimaanisha ni ile mvua ya mbali. Mwaka ule mvua zilikuwa za kubabaisha. Tulizoea kukaa nje jioni tukiona utaji mweusi unashuka upande wa pili, tunasikia harufu yake, tunasikia hata uvumi wake, halafu inapita zake kwenda kunyeshea watu wengine.

"Basi," Mwalimu akasema, "wimbo wenu umeshaanza. Wewe ndiye utakayeuanzisha kila siku."

Sijui kama yeye mwenyewe alijua ametenda nini. Anayeanzisha lazima aseme anza. Anayeanzisha lazima amwambie Luhende apunguze mkono, amwambie Limi achelewe kidogo, amwambie Jilala kengele bado. Nilianza kusema maneno hayo, moja moja, Kiswahili kabisa, na hakuna aliyecheka, maana walikuwa na shughuli ya kuyatii. Ijumaa baada ya Ijumaa yakawa sentensi. Wiki nzima nilikuwa nayapanga kichwani, halafu Ijumaa mchana nayatoa yote.

Wimbo wenyewe tuliutunga kwa ugomvi. Tulikubaliana kwamba mvua ni mgeni anayepita mbele ya mji wetu bila kubisha hodi, na huo ni utovu wa adabu, hivyo tumwite kwa heshima ili aone haya. Ulianza kwa chupa yangu peke yake, mvua iko mbali. Kisha Limi akauliza:

Mbula, unapita tu?
Kigoda kipo, maji yapo kidogo,
Mama anauliza habari zako.
Uliingia kwa watu Kiloleli,
kwetu umekosa nini?

Hapo dumu la Luhende likawa radi, na kengele ya Jilala ikawa ng'ombe wanaokimbilia zizini. Tuligombana juu ya mwisho. Jilala alitaka mvua ije, Luhende alisema huo ni uongo, haijaja. Walisukumana hadi kifungo cha shati kikang'oka. Wakamwendea Mwalimu aamue, naye akasema wimbo si wake, wenye wimbo ni sisi. Nilishangaa sana siku hiyo. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima anaulizwa jambo na watoto akakataa kujibu kwa sababu ni lao. Mwishowe mimi ndiye niliyesema tuishie tukiwa bado tunaita, sauti ikipanda, kwa sababu ndivyo hali ilivyokuwa.

Sasa lazima nieleze namna Mwalimu Atupele alivyotufundisha, kwa kuwa kila kitu kilitokea huko. Alikipa kila kikundi pembe yake ya uwanja, na wote tuliimba kwa wakati mmoja, yeye akizunguka toka pembe hii hadi ile. Siku zote alisema mwisho wa kipindi kila kikundi kitasimama mbele kwa zamu, na siku zote kengele ya kwenda nyumbani ilitukuta bado tunabishana. Zamu hazikuwahi kufika. Kilichotokea ni kwamba tulipokolea kwenye wimbo wetu wa mvua, watoto wa vikundi vingine waliacha vyao wakaja kutuzunguka. Mwalimu aliwafukuza warudi kwenye pembe zao. Tulimhurumia. Ameletewa ushindi bure, yeye anaufukuza.

Maana kwetu, na wanaotoka kwetu wanajua, mashindano ya ngoma ni hivyo. Pamba ikishavunwa na miezi ya mbina, ndizo ngoma zetu za mashindano, ikifika, makundi mawili huja uwanja mmoja, huanza pamoja, yanapigiana kelele kutwa nzima, na watu wanakimbia huku na huku kuangalia wapi kumekolea. Hakuna jaji mwenye kalamu. Jaji ni miguu ya watu. Jua likishuka, kundi lililobaki na watu wengi ndilo limeshinda, na lile lililohamwa linakusanya njuga zake kimyakimya. Baba yangu alikuwa shabiki wa kundi moja toka ujana wake, na kuna mbina ambayo Mama alihama katikati akaenda upande wa pili kwa sababu manju wao alikuwa na vituko. Baba alinyimwa usingizi na jambo lile kwa muda mrefu. Mtoto aliyelelewa katika hayo haulizi mashindano yanaendeshwaje. Na Mwalimu Atupele, aliyelelewa katika kwaya za Tukuyu ambako watu huketi na kupiga makofi kwa adabu, hakuona sababu ya kutueleza.

Kisha Mwalimu Mkuu akaingia darasani. Alikuwa mtu wa Malampaka, mrefu, mkali, mpenzi wa hesabu, na alikuwa Msukuma kama sisi ingawa shuleni hatukuwahi kumsikia akitamka hata neno moja la nyumbani. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa mbele yetu mwaka huo. Akasema mbele ya darasa zima kwamba madumu hayamfaulishi mtu, kipindi cha Ijumaa anakihitaji kwa hesabu. Mwalimu Atupele akamsihi. Alisema kuna tamasha la shule za msingi Bariadi, atupe nafasi hiyo tu. Mwalimu Mkuu akafikiri, akasema haya. Tukirudi na kikombe, Ijumaa inabaki ya muziki. Tukirudi bila kikombe, Ijumaa inayofuata anaingia yeye na chaki.

Wenzangu waliona watapoteza mchezo, lakini mimi nilijua kwamba Ijumaa ikienda, na sauti yangu inaenda nayo. Nisingeweza kuyaeleza hayo kwa mtu yeyote, kwa lugha yoyote. Nililala na chupa kando ya mkeka, Mama akiniuliza kama naumwa.

Tulikwenda Bariadi kwenye lori la pamba. Tulifika tumebandikwa nyuzi nyeupe kichwani na mabegani, tukaanza kupanguzana. Uwanja ulikuwa umefurika. Ilikuwa siku ya mnada, na watu wa mnadani walisikia kuna ngoma wakaja na mizigo yao. Upande mmoja kulikuwa na jukwaa na spika kubwa. Chini ya turubai walikaa wakubwa kwenye viti vyenye mito, na Mwalimu Mkuu wetu, amevaa suti, alikuwa amekaa karibu na Afisa Elimu. Sisi tuliambiwa tusubiri upande wa pili wa uwanja, golini. Mwalimu Atupele akaenda kukaa na walimu wenzake.

Wakapanda wale wa mjini. Walikuwa na soksi nyeupe mpaka magotini, na msichana mrefu aliyewaongoza alishika kipaza sauti kana kwamba alizaliwa nacho. Kinanda kikalia, wakaanza kuimba, na uwanja mzima ukawageukia. Nikamtazama Mwalimu Atupele aje atuamshe. Hakuja. Alikuwa ameketi, anatabasamu, na halafu, jamani, akawapigia makofi. Moyo ulinilipuka. Wenzetu wameshaanza, watu wote wako kwao, na mwalimu wetu anawashangilia. Nilidhani amelishwa kitu. Nilidhani pia labda ametukatia tamaa, na wazo hilo liliniuma zaidi. Jilala akaninong'oneza kwa Kisukuma kwamba tunamalizwa hivihivi tukiangalia.

Nikaiona Ijumaa. Nikamwona Mwalimu Mkuu na chaki yake. Nikainua chupa.

"Anza," nikasema.

Nilitikisa, na sikusikika hata na mimi mwenyewe kwa zile spika. Limi akaingia, sauti yake ikafika labda kwa watu waliosimama karibu na goli, nao wakageuka kidogo. Luhende akapiga dumu kwa hasira ya siku zote alizoambiwa apunguze. Kisha Jilala akapiga kengele. Na hapo, ndugu zangu, nikaona jambo ambalo sitalisahau. Uwanja ule ulikuwa umejaa wafugaji, na hakuna mfugaji anayesikia kengele ya ng'ombe nyuma yake asigeuke. Waligeuka kwa mamia kuangalia ni ng'ombe wa nani ameingia kwenye watu. Hawakuona ng'ombe. Waliona watoto wenye pamba kichwani wanaimba kumlaumu mgeni aliyepita bila kubisha hodi, na wakaelewa palepale ni mbina.

Mama mmoja akaweka chini beseni lake la samaki akapiga vigelegele. Vijana wakaanza kukimbia kuja upande wetu, wazee wakafuata kwa fimbo zao, na vumbi likapanda. Wale wa mjini nao walikuwa watoto wa huku huku. Yule msichana mrefu alitazama watu wake wakiondoka, akakiacha kipaza sauti, akashuka jukwaani na kundi lake zima, wakaja kutukabili katikati ya uwanja wakiimba kwa koo zao tu. Kinanda kilibaki kule juu kinalia peke yake na mpigaji wake. Tukakazana nao uso kwa uso. Walituvuta watu, tukawarudisha. Walituvuta tena, Jilala akaruka na kengele, tukawarudisha wote na nyongeza. Nilikuwa napiga kelele za maelekezo kwa Kiswahili na Kisukuma, chochote kilichowahi kufika mdomoni, na hakikukwama hata kimoja.

Nikamwona Mwalimu Atupele anakuja mbio, mikono kichwani, anaruka, anapunga. Nikasema afadhali, hatimaye amekolea. Baadaye nilijua alikuwa akituambia tuache. Majaji walikuwa wamesimama wanapuliza filimbi. Na kule chini ya turubai viti vilikuwa vinabaki wazi, na kwenye mstari wa mbele kabisa wa watu wetu, koti la suti limetupwa begani, alikuwa amesimama Mwalimu Mkuu. Uso wake ulikuwa uleule wa hesabu. Lakini mguu wake wa kulia ulikuwa unafuata dumu la Luhende, na haukukosea.

Tulipomaliza, watu walimbeba Limi juu. Nilijua tumeshinda, nilijua kama ninavyojua jina langu. Kisha kipaza sauti kikatangaza kwamba shule yetu imeondolewa kwenye mashindano, na kikombe wakapewa wale wa mjini. Sikushtuka. Nilifikiri ni kikombe cha pole, wanapewa waliohamwa na watu ili wasiende nyumbani na uchungu. Nikaona Bariadi kuna utu. Nilimpungia mkono yule msichana mrefu, naye akanipungia kile kikombe, na hakuonekana kukifurahia sana.

Ni kwenye lori nilipoelewa. Mwalimu Atupele alikuwa analia taratibu, anajifuta kwa kanga. Limi akamuuliza kinachomliza. Akatueleza kwa upole kwamba mashindano yale yalikuwa ya zamu, kila shule inasikilizwa peke yake, na kwamba kuimba wakati wenzako wanaimba ni kosa kubwa. Kikombe kilikuwa ndio ushindi. Hatukutazamana. Nikaiweka chupa katikati ya miguu, na maneno yangu yote nikayasikia yakirudi chini moja moja.

Jumatatu, mstarini, Mwalimu Mkuu alisimama mbele ya shule nzima na kuuliza ni nani aliyeanza.

Kila mtu wa kikundi chetu alijua, na hakuna aliyenitaja. Jilala alinyanyua kidevu kana kwamba atasema ni yeye. Nilifikiri kwamba hata hivyo Ijumaa imeshakwenda, na kama sauti yangu inakwenda nayo basi niitumie yote leo. Nikatoka mstarini.

"Ni mimi, Mwalimu."

Akainamisha kichwa. Nadhani alikuwa hajawahi kunisikia. "Kwa nini?"

"Wenzetu walikuwa wameshaanza, Mwalimu," nikasema. "Na watu wote walikuwa kwao."

Walimu wetu wa zamani, wale wa huku, wakatazama chini kwa pamoja na mabega yao yakaanza kutikisika. Mwalimu Mkuu akamgeukia Mwalimu Atupele. Alimuuliza kama hakutuambia kwamba huko watu huimba kwa zamu.

"Sikuwaambia," akajibu, macho bado mekundu. "Ni nani asiyejua kwamba ni kwa zamu?"

"Sisi," Mwalimu Mkuu akasema.

Akamweleza, mbele yetu sote, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, jinsi mbina inavyokuwa: uwanja mmoja, wakati mmoja, na mshindi ni aliyebaki na watu. Mwalimu Atupele alisikiliza mdomo wazi, na nikaona anazikumbuka Ijumaa zote alizowafukuza watoto waliokuja kwetu. Kisha Mwalimu Mkuu akatugeukia sisi.

"Nilisema kikombe. Hamkuleta," akasema. "Lakini mimi nilikuwa nimekaa na Afisa Elimu, kwenye kiti chenye mto. Nikahama. Watu wote wa mnadani waliniona. Siwezi kusimama hapa nikawaambia kwamba sikuhama." Akakohoa. "Ijumaa ni yenu. Hesabu tutafanya asubuhi, kabla ya mstari."

Shule nzima ikalipuka, na darasa la nne tukaguna kidogo kwa ajili ya zile asubuhi. Mimi nilirudi mstarini nikiwa nimevimba kichwa, siwafichi. Ijumaa ile Mwalimu Atupele alikuja na jambo jipya moja tu. Aliweka vikundi vyote katikati ya uwanja, vyote pamoja, akakaa chini akasema safari hii yeye hatamfukuza mtu. Kuhusu mimi, sijanyamaza tena tangu siku hiyo. Leo nauza vitenge sokoni, na majirani zangu wa meza wananilaumu kwamba nawavuta wateja wao kwa mdomo. Nawaambia waanze na wao.

Usiku ule Mama alipofika na chupa, nilimsimulia Kabula habari hii yote, na mdogo wake akiwa pembeni. Alisikiliza kwa sikio moja, jingine likiwa kwenye tamthilia. Mwishoni akaniuliza kama kikombe walichukua wale wengine. Nikamwambia ndiyo, walichukua wao.

"Sasa ninyi mlishindaje?" akauliza, akageukia televisheni na kuongeza sauti.

Nilichukua chupa nikaenda kukaa mwisho wa ukumbi, karibu na mlango wa jikoni, nikaanza kutikisa polepole, mvua ikiwa bado mbali. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha mtoto mdogo akageuza kichwa, akateremka kwenye kochi, akaja kukaa miguuni kwangu. Jikoni sufuria ikanyamaza, na Mama akatoka na mwiko mkononi, anaimba ile sehemu ya Limi, maneno yote, hajapoteza hata moja. Nikapiga sakafu kwa kisigino mahali pa dumu. Kabula alijitahidi kukaza macho kwenye tamthilia, alijitahidi kweli, huyo ni binti yangu. Mwishowe akainuka, akaja, akashika mkono wa bibi yake, na televisheni ikabaki inaviongelesha viti vitupu.

"Namna hiyo," nikamwambia.